Mwalimu Aliyeyauliza Mawe Umri

Sitasema Mwalimu wa Jiografia alizaliwa lini, kwa sababu mimi ndiye niliyetunza faili lake. Mtu ambaye hajaliona faili lile angeweza kukutajia mwaka bila wasiwasi. Mimi niliona miaka mitatu: mmoja wa cheti cha ubatizo, mmoja wa kujiunga na chuo cha ualimu, na mmoja alioutoa alipoona wenzake wanaanza kustaafishwa. Kwa mujibu wa karatasi zile, kadiri alivyozeeka ndivyo alivyozidi kuzaliwa juzi juzi. Nilipomwuliza, alijibu kwamba mama yake alimwambia alizaliwa mwaka wa nzige, "na nzige, dada, walikuja zaidi ya mara moja."

Na huyo ndiye mtu aliyetumia maisha yake yote kutaka kujua umri wa mawe.

Nilikuwa mpiga chapa wa shule moja ya sekondari hapa Songea, miaka ile ya ruksa, sukari iliporudi madukani na kila mwenye kibao na misumari akafungua kioski. Shule ilikaa juu ya mgongo wa kilima, upande wa Lizaboni, na mgongo wenyewe ulikuwa jiwe jekundu, gumu, lenye matundu kama sega la nyuki. Jembe likiligusa linalia. Watu wa barabara waliliita moramu na wanafunzi waliliita adhabu, maana aliyechelewa namba alipewa nyundo akalivunje. Mwalimu peke yake aliliita gamba la chuma. Alisema zamani mno, kabla ya mtu wa kwanza, nchi hii ilikuwa na joto na mvua nyingi kupita hizi zetu, kisha kiangazi, kisha mvua tena, na maji yale yakayeyusha chuma ardhini na kukishusha mabondeni, kikaganda huko. Atakayejua gamba liliganda lini atajua mvua ile ilinyesha lini. Basi hilo ndilo alilolitaka duniani, kujua mvua ilinyesha lini. Sisi wengine tulitaka kujua mshahara utatoka lini.

Alitembea ameinama. Mgeni angedhani ni unyenyekevu, kumbe anatafuta mawe. Ukimpa shikamoo, marahaba yake ilikwenda ardhini kwanza ndipo ikufikie. Alilamba mawe pia, mbele za watu, kisha akafumba macho kama mtu anayeonja mboga. Mke wake, Mungu amrehemu, alituambia kwamba yeye humpikia mumewe chakula cha kawaida tu, chuma anakula kazini.

Kwenye harusi moja Bombambili alipotea kabla ya chakula. Tukamkuta uani kwa wapishi, amepiga magoti mbele ya sufuria la pilau, akiwaeleza akina mama kwamba mafiga mawili ni ya kilimani na la tatu ni la mtoni, kwa hiyo yamezaliwa zama mbili tofauti na si haki kuyabebesha mzigo mmoja. Mpishi mkuu, mama mnene mwenye mwiko mrefu, alimsikiliza kwa adabu. Halafu akamwambia, "Mwalimu, mafiga yako yana miaka mingi sana, lakini pilau langu limebakiza dakika mbili. Sogea."

Alikuwa na neno lake moja alilolipeleka kila mahali. "Palipo kilima leo palikuwa bonde." Alikuwa na maana ya kweli kabisa: chuma kilishukia mabondeni, kikagandia huko, kikawa kigumu, vilima vya pembeni, ambavyo havikuwa na gamba, vikamomonyoka na kuisha, na bonde likabaki juu. Darasani ilieleweka. Lakini alimwambia hivyo mkuu wa shule siku aliyonunua pikapu. Akamwambia hivyo katibu wa chama, ambaye nusu ya ofisi yake ilikuwa imepangishwa kwa muuza redio. Hakuna aliyeuliza habari za chuma. Katibu hakumsalimia mpaka Pasaka.

Alikuwa mkali kwa ukweli kuliko padri. Mwanafunzi akisema jambo, swali lake lilikuwa moja: "Umeona, au umesikia?" Aliyesikia alipata sifuri hata kama jibu lilikuwa sahihi. Siku moja niliingia chumba cha walimu nimelowa chapachapa, nikasema mvua inanyesha, akaniuliza kama nimeiona au nimeisikia. Nilikamulia khanga yangu juu ya madaftari yake. Lakini mkali huyo huyo aliwachapa watoto kwa kuchelewa huku saa yake mwenyewe ikiwa nyuma dakika kumi na tano tangu aliponunua. Hakuirekebisha. Alisema amekwisha kuizoea.

Mimi nilimpenda, nisiwafiche. Sikumpenda kwa mapenzi ya kuolewa, nilikuwa na wangu na alinitosha. Nilimpenda kwa sababu alipoleta kazi ya kuchapa alinisomea kwanza, tena kwa kunieleza, kana kwamba mashine ile haiwezi kuandika kitu ambacho mimi sijakielewa. Hakuna bosi mwingine aliyenifanyia hivyo. Kwa kuchapa noti zake miaka tisa nilijua gamba la chuma kuliko walimu wengi, ila mimi sikuwa na cheti cha kuonyesha kwamba najua.

Sasa akaja mtafiti. Alikuwa mama wa Kizungu, mrefu, mwenye Kiswahili cha kitabuni na kofia ya mkonge, anayezunguka nchi akikusanya vipande vya gamba ili akapime umri wake. Alipelekwa kwa Mwalimu na watu wa madini, waliochoka kupokea barua za Mwalimu za kuuliza umri wa mawe. Siku walipokutana walikaa juu ya mwamba wa pale shuleni wakalamba mawe pamoja mpaka kengele ya chakula. Sijawahi kumwona mwanamume mwenye furaha namna ile akiwa na nguo zake zote mwilini.

Upimaji wenyewe Mwalimu alinieleza hivi. Chuma kikiganda mwambani, chembe zake ndogo hutazama kaskazini, kama sindano ya dira. Lakini kaskazini ya dira haitulii. Inahama kidogo kidogo, na ziko zama ilipokuwa kusini. Kwa hiyo jiwe likipelekwa maabara, linaulizwa, "Siku unaganda kaskazini ilikuwa wapi?" Likijibu, unapata umri wake. Sharti ni moja tu. Kabla hujalibandua, uchore juu yake mshale wa kuonyesha kaskazini ya leo, na alama ya upande wa juu. Jiwe lililosogezwa haliulizwi, kwa sababu litajibu uongo bila kujua.

Basi mtafiti akapita vilimani, kuanzia kwetu mpaka njia ya Namtumbo, akichora mishale ya rangi nyeupe na kukata vipande. Na ni miaka ile ile watu walikuwa wanamiminika Tunduru kufuata vito. Mzungu anayefunga mawe kwa magazeti na kuyalaza kwenye sanduku lenye kufuli, nani angemwamini kwamba anataka habari za mvua? Mji mzima ulijua ni vito. Na ule mshale ndio uliomaliza ubishi. Kesho yake, kila palipokuwa na mshale, palikuwa na shimo upande wa kaskazini. Watu walichimba kufuata ncha. Shamba la mahindi la katekista lilichimbwa mashimo manne, na katekista mwenyewe ndiye aliyechimba mawili.

Mwalimu alikwenda kuwaeleza. Alisimama ukingoni mwa shimo akasema mshale hauonyeshi mali, unaonyesha kaskazini tu. Mmoja aliyekuwa ndani mpaka kifuani akamjibu bila kuacha kuchimba, "Mwalimu, kama ni kaskazini tu, kaskazini tulikuwa tunaijua tangu zamani. Mbona hatukuchorewa?"

Mkuu wa shule naye hakubaki nyuma. Aliniita nikachapa tangazo kwamba hakuna jiwe litakalotoka eneo la shule bila hati ya kutolea jiwe, nakala tatu. Hati zenyewe nilizichapa mimi, na sehemu ya "aina ya mali" niliandika "jiwe," na sehemu ya "hali yake" niliandika "zima." Halafu akamwuliza Mwalimu kwa sauti ya chini, "Na sisi kama shule tunapata nini?" Mwalimu akamjibu kwamba tutapata kujua mvua ilinyesha lini. Mkuu alimtazama kwa huruma ya kweli.

Siku ya mwisho mtafiti alitaka kipande cha pale pale shuleni, kwenye lile bamba kubwa la gamba lililo uwanja wa paredi, chini ya mlingoti wa bendera. Nilikuwapo, nilikuwa nimewapelekea chai. Alilizunguka, akalipapasa, akauliza kama jiwe hili limewahi kusogezwa. Mwalimu akasema, "Sisi sote tulilikuta hapa." Mtafiti akachora mshale, akakata, akafunga. Mkuu akatia sahihi hati tatu.

Miezi ikapita, kisha ikaja barua. Vipande vya vilima vyote vingine vilijibu kama ilivyotarajiwa, lakini kile cha paredi kilisema kaskazini ilikuwa kusini. Maana yake lilikuwa gamba la zama nyingine kabisa, la kale kuliko yote yale. Mtafiti aliandika kwamba hakulala kwa furaha. Angelitangaza kwenye mkutano wa wataalamu huko Ulaya, na alitaka Mwalimu awepo, asimame mbele ya watu aeleze kilima chake, na jina lake liandikwe kwenye makala pamoja na la kwake. Nauli ya ndege wangetoa wao.

Mwalimu alinyooka mgongo. Nasema kweli, ndipo tulipouona uso wake wote kwa mara ya kwanza, na haukuwa uso mbaya. Wanafunzi wakaanza kumwita Profesa. Katibu wa chama akamsalimia yeye kwanza. Alinunua suti ya mtumba ya rangi ya kijivu, yenye jina la marehemu fulani wa nchi za baridi limeshonwa ndani ya koti, na hakulitoa. Pasipoti ilisumbua kidogo, maana maafisa walitaka mwaka mmoja wa kuzaliwa na yeye alikuwa nayo mitatu, lakini aliapa mbele ya hakimu akapewa ule wa katikati. Na mkuu akaamuru sherehe ya kumuaga, mbuzi, kwaya, na mgeni rasmi kutoka mkoani.

Kwa ajili ya mgeni rasmi nilitakiwa kutafuta mfano wa ratiba. Nikafungua jalada la zamani la ugeni. Ndani nikakuta taarifa ya maandalizi ya mapokezi ya kiongozi mmoja, miaka mingi kabla sijaajiriwa, kiongozi ambaye nasikia gari lake lilipita bila kusimama. Mawe ya njiani yamepakwa chokaa. Maua yamepandwa. Na kifungu cha nne: "Jiwe kubwa la uwanjani limepinduliwa kwa mitaimbo na wanafunzi wa kidato cha tatu, ili upande laini ukae juu na kiongozi apate pa kusimama." Msimamizi wa kazi, Mwalimu wa Jiografia. Sahihi yake ile ile yenye mkia.

Nilikaa chini. Hakuna mtu mwingine pale ofisini ambaye kifungu kile kingemtisha. Mkuu angekisoma akaona usafi wa mazingira. Mimi nilikuwa nimechapa noti zile miaka tisa. Jiwe lililopinduliwa, kichwa chini na mbele nyuma, lazima liseme kaskazini iko kusini. Halikuwa la zama nyingine. Lilikuwa ndugu wa yale mengine yote, ila sisi tulilisimamisha kwa kichwa chake ili mkubwa asichafue viatu.

Siku tatu nililifungia jalada lile kwenye droo. Nikinyamaza, Mwalimu atapanda ndege, atasimama mbele ya wataalamu, jina lake litachapwa, na mvua ya uongo itaandikwa vitabuni kwamba ilinyesha Songea. Nikisema, ananyang'anywa kitu pekee ambacho maisha yamewahi kumpa bila yeye kuinama. Siku ya nne nikaona kwamba mtu aliyeniuliza mvua nimeiona au nimeisikia hawezi kufichwa jambo nililoliona kwa macho. Nikapeleka jalada mezani kwake, nikafungua kifungu cha nne, nikasimama.

Alisoma. Akavua miwani. Kisha akasema, "Dada, una karatasi kwenye mashine?"

Barua ilikuwa fupi. Alisema jiwe la paredi lilipinduliwa na wanafunzi wakiongozwa na yeye mwenyewe, kwamba jibu lake lisitumike, na kwamba anaomba radhi kwa taabu. Nilichapa nikiwa nalia, nikaharibu karatasi mbili. Yeye hakulia. Alitia sahihi, akaipeleka posta mwenyewe kwa miguu.

Mtafiti alijibu kwa adabu kubwa, akamshukuru sana, na mwaliko ukaisha pale pale, kwa sababu mada yote ilikuwa jiwe lile. Makala ilitoka bila Songea. Mbuzi alichinjwa hivyo hivyo. Mkuu alisema mbuzi hana kosa la kisayansi. Mjini walisema mengi: kwamba Mwalimu amegoma kugawana vito, kwamba wazungu wamemdhulumu, kwamba ameficha lingine kubwa zaidi. Kwamba mtu anaweza kukataa ndege ili asiseme uongo kuhusu moramu, hilo halikumjia mtu yeyote kichwani.

Mimi lilinijia kila siku. Niliwalea wanangu kwa habari ile. Mtoto akidanganya nilimwambia, kuna mtu katika mji huu alirudisha ndege. Lakini moyoni kulikuwa na kitu kingine ambacho watoto sikuwaambia: ni mimi niliyemrudishia. Kama ningeliacha droo imefungwa, angekwenda. Alistaafu, mkewe akafa, na kila nilipopita kwake Bombambili nilipita upande wa pili wa barabara.

Miaka mingi baadaye niliamua kwenda. Nilimkuta barazani amekaa kwenye kigoda, akipukuchua mahindi kwenye ungo, miguu imevimba. Shikamoo, marahaba, akanivutia kiti, nikashika hindi nami nikaanza kupukuchua, maana mikono ikiwa na kazi mdomo unapata ujasiri.

"Mwalimu," nikasema, "nimekuja kuomba msamaha. Lile jalada ningeweza kuliacha. Mimi ndiye niliyekunyima safari."

Aliendelea kupukuchua hadi likabaki gunzi.

"Dada," akasema, "jiwe lile na mitaimbo minne, watoto arobaini, kuanzia asubuhi mpaka saa saba. Mmoja alivunjika kidole. Wewe unafikiri mimi nilisahau?"

Sikuelewa haraka. Yeye ndiye aliyelazimika kunisogeza taratibu, kama zamani.

"Aliponiuliza kama limesogezwa, nilijua. Nikasema tulilikuta hapa. Na kweli tulilikuta hapa, ila limelala upande mwingine. Nilidhani halitajibu kitu cha maana. Barua ilipokuja nikasema kesho nitamwandikia. Halafu wakaanza kuniita Profesa. Kila siku nikasema kesho. Nilishapima suti. Uliponiletea lile jalada nilishukuru Mungu, maana peke yangu nisingeweza."

Nikaliweka hindi langu chini. Nilisikia hasira ikipanda kutoka miguuni, hasira ya kweli, ya mtu aliyewalea watoto watano kwa mfano wa mtu huyu.

"Kumbe miaka yote hii mimi nabeba kosa lako?"

"Ndiyo."

"Na ulikuwa unaniona nikipita upande ule wa barabara?"

"Nilikuwa nakuona." Akatazama mahindi. "Lile kosa la kwanza tuliliandikia barua, wewe na mimi. Hili la pili ni kubwa zaidi, na nilikosa wa kunichapia."

Hakuomba nimhurumie, na sikumhurumia. Nilisimama, nikakung'uta khanga, nikamwambia wazi kwamba nimemkasirikia, na kwamba nitamkasirikia mpaka Jumapili.

"Kwa nini mpaka Jumapili?"

"Kwa sababu Jumapili ndipo nitakapopata nafasi ya kuja tena," nikamwambia, nikashika njia.